Kisukari cha Mimba: Daftari la Kweli na Chungu cha Nyumba Nzima

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mlezi wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. 

Juma hili safu yetu inamwelekea mama mjamzito ambaye ameambiwa kliniki kwamba ana kisukari cha mimba, akapewa au akanunua mashine ya kujipima sukari nyumbani. Tunamwelekea pia mume wake, mavyaa wake, mama yake mzazi na mawifi zake, kwani maradhi haya hayatengenezeki kwa mtu mmoja aliyejifungia chumbani na mashine yake.

Tunalisema hilo kwa sababu mambo mawili hutokea sana katika nyumba zetu. La kwanza, mama huficha. Huona haya kuwaambia watu wa nyumbani, asije akasikia kwamba mimba yake ina kasoro au ametupiwa jicho. La pili, na ndilo la hatari zaidi, mama huandika katika daftari tarakimu za kumpendeza muuguzi badala ya zile alizoziona katika mashine. Aghalabu hili la pili huzaliwa na lile la kwanza: anayeogopa kulaumiwa nyumbani huogopa kulaumiwa kliniki pia. Basi tueleze maradhi yenyewe ni nini, kipimo hufanywaje, na kila mtu wa nyumba ana fungu gani katika kazi hii.

Maradhi haya hutoka wapi

Chakula tunachokila, hasa cha wanga na cha sukari, hugeuka kuwa sukari katika damu. Kongosho hutoa insulini, ambayo kazi yake ni kuitoa sukari hiyo katika damu na kuiingiza mwilini itumike. Mwanamke anaposhika mimba, kondo la nyuma hutoa homoni za kumlinda na kumkuza mtoto, na homoni hizo huipunguzia insulini nguvu. Kadiri mimba inavyokua ndivyo upinzani huo unavyoongezeka. Akina mama wengi, kongosho zao hutoa insulini zaidi na mambo yakaenda sawa. Wengine kongosho hushindwa kufikia kiasi kinachohitajika, sukari ikabaki juu katika damu. Hicho ndicho kisukari cha mimba.

Kwa hivyo haifai kumwambia mama kwamba amejiletea mwenyewe kwa kupenda halua. Ni kweli kwamba uzito mkubwa, umri uliosonga, kuwa na wazazi au ndugu wenye kisukari, au kuwahi kuzaa mtoto mkubwa sana huongeza uwezekano wa kukipata. Lakini wapo wembamba wanaokipata, na wapo wanene wasiokipata. Tena aghalabu hakina dalili. Mama hujihisi mzima kabisa, ndiyo maana hupimwa kliniki baina ya juma la 24 na la 28 la mimba kwa kunyweshwa maji ya glukosi na kutolewa damu. Mwenye dalili za hatari hupimwa mapema zaidi.

Kwa nini lisipuuzwe

Sukari ya mama hupita katika kondo na kumfikia mtoto. Insulini ya mama haipiti. Mtoto akipokea sukari nyingi, kongosho lake mwenyewe hulazimika kutoa insulini nyingi, na insulini hiyo humnenepesha, hasa mabegani na tumboni. Wazee wetu hufurahia mtoto mkubwa na kumhesabu kuwa baraka. Kila mtoto ni baraka, lakini mtoto aliyekuzwa na sukari ya ziada huweza kukwama mabega wakati wa kuzaliwa, akaumia yeye na akaumia mama yake, au ikalazimu upasuaji. Kisha kitovu kikishakatwa, sukari ya mama hukoma ghafla ilhali insulini ya mtoto ingali nyingi, na sukari ya mtoto huweza kushuka vibaya katika saa za mwanzo za maisha yake. Mama naye huwa karibu zaidi na shinikizo la damu la uja uzito.

Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2008, uliowafuatilia wajawazito zaidi ya 23,000 katika nchi 9, ulionyesha kwamba madhara haya huongezeka kidogo kidogo kadiri sukari inavyopanda, wala hapana mstari mmoja ambao chini yake ni salama kabisa na juu yake ni balaa. Maana ya jambo hili kwa mama ni faraja: kila nukta anayoishusha inamfaa mtoto, hata kama hajafikia kiwango alichowekewa.

Namna ya kujipima

Anawe mikono kwa sabuni na maji, kisha aikaushe. Hili si la usafi tu. Kidole kilichoshika tende au kaimati huacha sukari juu ya ngozi, na mashine ikasoma sukari ya tende badala ya sukari ya damu. Achome ubavu wa kidole, si katikati ya ncha ambako huuma zaidi, na abadilishe vidole. Asikikamue kidole kwa nguvu. Tone la kwanza likitoka vizuri, aliguse kwa kijiti cha kupimia, kile ambacho madukani huitwa stripu, asubiri tarakimu itokee, na aiandike papo hapo.

Vijiti hivi huharibiwa na unyevu, na hewa ya pwani yetu ni ya unyevu mwaka mzima. Vibaki katika kichupa chake, kifuniko kifungwe mara tu kijiti kimoja kinapotolewa, na kichupa kisiwekwe karibu na jiko wala dirishani juani. Tarehe ya mwisho itazamwe kabla ya kununua. Ikiwa nyumbani yumo babu au bibi mwenye kisukari na mashine yake, mama aweza kuitumia mashine hiyo, lakini sindano ya kuchomea kidole kamwe isitumiwe na watu wawili. Sindano zilizotumika zitiwe katika chupa ngumu yenye kifuniko na zipelekwe kliniki. Zisitupwe jaani wanakochezea watoto.

Kwa kawaida mama huagizwa kujipima mara nne kwa siku: asubuhi kabla ya kutia chochote kinywani, na baada ya kila mlo mkuu. Viwango vinavyotumiwa na madaktari wengi ni hivi: asubuhi kabla ya kula, chini ya 5.3, saa moja baada ya kula, chini ya 7.8, au saa mbili baada ya kula, chini ya 6.7. Saa huhesabiwa tangu tonge la kwanza, si tangu alipomaliza. Tarakimu hizi ni za milimoli kwa lita. Zipo mashine zinazosoma kwa kipimo kingine, ambacho 5.3 huwa 95, 7.8 huwa 140 na 6.7 huwa 120; basi atazame mashine yake ni ya aina gani asije akashtuka bure. Na ikiwa daktari wake amempangia kiwango tofauti, afuate cha daktari wake.

Daftari lisilodanganya

Tarakimu moja iliyo juu haimhukumu mtu. Kukosa usingizi, homa, wasiwasi au karamu ya harusi huweza kuipandisha sukari siku moja. Anachokitafuta mkunga au daktari katika daftari ni mwenendo: je, ni asubuhi kila siku, au ni baada ya chakula cha mchana tu? Ndiyo maana kando ya kila tarakimu inafaa iandikwe saa, chakula kilicholiwa na kiasi chake.

Tuchukue mfano wa kufikiria. Mama aliamka na 4.9. Akafungua kinywa kwa chai ya maziwa yenye sukari, mahamri matatu na mbaazi, na saa moja baadaye mashine ikaonyesha 9.2. Akaandika kama ilivyo. Kesho yake akanywa chai isiyo na sukari, akala hamri moja, bakuli la mbaazi na yai la kuchemsha, na mashine ikaonyesha 7.4. Mama huyu amejifunza jambo ambalo hakuna mtu angeweza kumfundisha kwa maneno, kwani miili haifanani. Lau angeandika 7.0 katika siku ile ya kwanza ili asisemwe, asingejifunza kitu, na daktari angeamini kwamba mahamri matatu hayamdhuru.

Daktari hupima dawa kwa daftari. Tarakimu zikipambwa, anayehitaji insulini ataachwa bila nayo, na mtoto ndiye atakayeendelea kuipokea sukari ambayo haikuandikwa. Mashine nyingi huhifadhi vipimo ndani yake, kwa hiyo mama aende kliniki na daftari pamoja na mashine. Na tunawaomba wauguzi na wakunga wetu, ambao wengi wao ni dada zetu na binti zetu: mama akileta daftari lenye tarakimu mbaya, mshukuruni kwanza kwa ukweli wake, kisha mzungumze naye kuhusu chakula. Akikemewa leo, majuma mawili yajayo ataleta daftari zuri lisilo na ukweli.

Chungu ni kimoja

Katika nyumba zetu chakula hupikwa katika chungu kimoja na aghalabu huliwa katika sinia moja. Mama mjamzito hawezi kubadilisha mlo wake peke yake ilhali sinia limejaa wali wa nazi na kila mkono unamsukumia mnofu na kumwambia, "Kula, mwanangu, unakula kwa wawili." Maneno hayo ni ya mapenzi, lakini hapa hayafai. Mtoto wa tumboni hahitaji sahani ya pili.

Hatusemi mama aache vyakula vyetu. Apunguze wali ubaki kiasi cha ngumi yake, ajaze mahali pake mchicha, kisamvu, bamia, mabiringanya na kachumbari. Samaki wetu ni neema kubwa: samaki wa kukaanga, wa kupaka au wa mchuzi hushibisha pasipo kupandisha sukari sana, na vivyo hivyo kuku, mayai, maharagwe, kunde na pojo. Muhogo, ndizi, viazi na chapati vyote ni wanga, basi asichanganye viwili au vitatu katika mlo mmoja. Matunda ayale mazima na kwa kiasi, kipande cha embe au papai, wala asiyanywe kama juisi, maana gilasi ya juisi ya maembe hubeba sukari ya matunda kadhaa kwa mkupuo mmoja. Soda na sharubati aziweke kando mpaka azae. Ale kidogo kidogo mara nyingi, wala asijinyime chakula ili mashine ionyeshe tarakimu ndogo. Njaa nayo ina madhara yake kwake na kwa mtoto. Na baada ya kula, badala ya kujilaza, atembee dakika 10 hadi 15, hata ikiwa ni uani au ukumbini, isipokuwa mkunga amemkataza.

Tunawanasihi akina mavyaa na akina mama wazazi: ninyi ndio wenye jiko. Sukari ya chai iwekwe mezani kila mtu ajitilie, isipikwe ndani ya birika. Hilo litamfaa hata babu mwenye kisukari na vijana ambao bado hawajakipata. Na mume, anapofanya hesabu ya masurufu ya mwezi, ahesabu pia vijiti vya kupimia, kwa sababu gharama yake haiishi kwa kununua mashine. Ikiwa uwezo hautoshi kupima mara nne kila siku, mama asiache kabisa na asikisie tarakimu. Amweleze muuguzi hali yake, wapange pamoja ni siku zipi na ni nyakati gani za kupima, ili hata vipimo vichache vionyeshe mwenendo.

Dawa, dua na hofu ya sindano

Wako ambao chakula na matembezi huwatosha. Wako ambao hufanya yote hayo na sukari ya asubuhi ikabaki juu, kwa kuwa sukari ya asubuhi hutokana na kazi ya mwili usiku kucha, na ni ngumu kushushwa kwa chakula peke yake. Hawa huongezewa vidonge au sindano ya insulini. Tunasikia wengi wakisema kwamba sindano ni dalili ya mwisho. Sivyo. Insulini ni kitu kile kile ambacho mwili hujitengenezea, nayo, kama tulivyotangulia kusema, haivuki kondo kumfikia mtoto. Kabla mtu wa kwanza hajatibiwa kwa insulini mwaka 1922 huko Toronto, nchini Kanada, wanawake wenye kisukari walikuwa wakipoteza mimba zao na hata maisha yao. Kisukari kinachokuja na mimba kwa wengi huondoka baada ya kuzaa, na sindano huondoka nacho.

Anayetumia insulini aijue hatari ya sukari kushuka. Akihisi kutetemeka, jasho jembamba, moyo kwenda mbio au kizunguzungu, ajipime. Ikiwa ni chini ya 4, anywe mara moja vijiko vitatu vidogo vya sukari vilivyokorogwa katika maji, ajipime tena baada ya dakika 15, na akipata nafuu ale chakula. Wenye nyumba wajue jambo hili, kwani huenda yeye mwenyewe asiweze kulisema. Na mtoto akipunguza kucheza tumboni, aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama daftari lake ni zuri.

Ama dua, kisomo na kombe, hatuna la kumzuia Muislamu kumwomba Mola wake shifaa. Mtume wetu ametufundisha dua na ametuamrisha pia tutafute dawa, basi moja lisifanywe sababu ya kuacha la pili. Ama miti shamba ya kushusha sukari, mjamzito asiinywe pasipo kumweleza daktari wake, kwa kuwa mingine huweza kumdhuru mtoto, na mingine ikikutana na dawa ya hospitali huishusha sukari kupita kiasi.

Ibada na kipimo

Maswali mawili huulizwa sana. La kwanza ni la damu ya kidole. Katika madhehebu yetu ya Shafii, damu itokayo kidoleni haitengui udhu. Tone lipanguswe na mtu aswali. Wala kuchoma kidole kupima sukari hakufunguzi saumu.

La pili ni la saumu yenyewe. Mwenyezi Mungu amempa mgonjwa ruhusa ya kula katika Ramadhani na kulipa siku nyingine, katika aya ya 185 ya Suratul Baqara, na mjamzito mwenye hofu amepewa ruhusa na Mtume wetu. Mwenye kisukari cha mimba, hasa atumiaye insulini, aghalabu hukatazwa na daktari kufunga. Aikubali ruhusa hiyo kwa moyo mkunjufu. Akila kwa kujihofia nafsi yake, au nafsi yake pamoja na mtoto, atalipa siku hizo. Akila kwa kumhofia mtoto peke yake, atalipa na kutoa fidia. Maalimu na sheikhe wa mtaa wake atamfafanulia kulingana na hali yake. Wala wenye nyumba wasimtazame kwa jicho la lawama wanapomwona akila mchana.

Baada ya kuzaa

Mtoto anyonyeshwe mapema, ndani ya saa ya kwanza ikiwezekana, na apimwe sukari hospitalini. Mama huambiwa kwamba sukari yake imerudi sawa, na wengi husahau yote hapo. Lakini mwanamke aliyepata kisukari cha mimba ana uwezekano mkubwa zaidi, kwa mara kadhaa, wa kupata kisukari cha kudumu katika miaka ijayo. Kwa hiyo arudie kipimo kamili baina ya juma la 6 na la 12 baada ya kuzaa. Njia nyepesi ya kukumbuka ni hii: anapotoka arubaini, mtoto naye huwa amefikia chanjo ya juma la 6. Aombe kupimwa siku hiyo hiyo anapompeleka mtoto. Baadaye apimwe kila mwaka, na atakaposhika mimba nyingine amweleze mkunga mapema.

Na katika siku hizo za arubaini, ambapo mzazi hulishwa uji mtamu na mapochopocho, jamaa wakumbuke yale waliyojifunza katika miezi ya mimba. Mzazi alishwe vizuri, ashibe, apate supu na samaki na mboga, na sukari ibaki kidogo.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape wajawazito wetu wepesi wa kuzaa, awape watoto wema wenye siha, na azijaalie nyumba zetu kuwa mahali ambapo mama aweza kusoma tarakimu ya mashine yake kwa sauti pasipo kuogopa. Amin.

Wabillahi tawfiq.